Kipimo na Uamuzi

Katika miaka 36 ya ualimu, 11 kati yake nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilitunga majaribio mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mwaka niliwafundisha wanachuo wangu kanuni moja: kabla hujampa mtoto jaribio, jiulize utafanya nini na majibu yake. Ikiwa akipata 30 utaendelea na somo lile lile, na akipata 80 utaendelea vivyo hivyo, basi umempotezea muda na kumtia hofu bure. Niliyasema hayo nikiwa mzima wa afya. Sikudhani kwamba uzeeni ningekaa kwenye benchi la hospitali nikiuliza swali hilo hilo juu ya damu yangu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita niliona damu chooni. Nilinyamaza majuma kadhaa nikijidanganya kuwa ni bawasiri, kwa maana mtu wa umri wangu huona haya kutaja mambo ya haja kubwa mbele ya vijana. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Namshukuru mke wangu aliyenifichua kabla ya kilio. Nilipitishwa mpira wenye kamera, kikachukuliwa kipande cha nyama, na jibu likaja kuwa ni saratani ya utumbo mpana. Nikafanyiwa upasuaji, kisha dawa za mishipani kwa miezi sita. Tangu hapo maisha yangu yakawa na kalenda mpya: damu kila baada ya miezi mitatu, baadaye kila miezi sita, na picha ya CT mara moja kwa mwaka.

Katika damu hutafutwa kitu kiitwacho CEA. Kwa kawaida namba isiyofika 5 huhesabiwa kuwa njema. Yangu ilikaa kwenye 2 kwa muda mrefu, nami nikaizoea kama mtu anavyozoea mshahara. Mwaka huu ikawa 4.9. Baada ya miezi mitatu ikawa 6.8. Picha ikaonyesha doa kwenye ini, lenye upana wa milimita 6.

"Shikamoo Mwalimu," daktari alisema nilipoingia, na kwa jinsi alivyoitamka shikamoo ile nikajua ana neno zito. Akanieleza bila kuficha. Doa lile ni dogo mno kuchomwa sindano kwa uhakika. Huenda ni saratani imerejea, huenda ni uvimbe wa maji usio na madhara. Tungeweza kuanza dawa, tungeweza kumwona bingwa wa kukata ini, au tungeweza kungoja miezi mitatu na kupima tena. Nilipomwuliza angemshauri nini baba yake mzazi, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hata baba yangu ningemweleza yote matatu." Daktari mwingine, katika hospitali nyingine, alisema nianze dawa juma lile lile. Kijana wangu mkubwa alitaka tuuze kiwanja anipeleke India.

Basi nikafanya lile ninaloliweza. Nilifundisha historia, nami nikaamua kujua ni kwa njia gani namba hii ilipata mamlaka juu ya usingizi wangu. Mjukuu wangu alinitafutia makala na kunichapia kwa herufi kubwa.

Nilianza na herufi. Kwenye faili langu imeandikwa C, maana yake saratani ilikwisha kufika kwenye tezi. Herufi hizo alizipanga Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1932: A kwa saratani iliyo bado ndani ya ukuta wa utumbo, B kwa iliyopenya ukuta, C kwa iliyofika kwenye tezi. Ilikuwa kazi kubwa, kwa sababu tangu hapo madaktari waliweza kuzungumza lugha moja. Hata hivyo herufi husema habari za kundi. Haimsemi mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi.

Baada ya herufi ikaja hamu ya kuwahi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Owen Wangensteen, bingwa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwafungua tena tumbo wagonjwa waliokwisha kukatwa saratani, hali hawana dalili yoyote. Akiikuta imerejea aliikata, na baada ya miezi kadhaa alifungua tena, mpaka asiikute. Wachache walifaidika. Wengine waliuawa na upasuaji wenyewe. Tusimcheke, hakuwa na njia nyingine ya kuona ndani.

Ndipo mwaka 1965, Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, walipoieleza CEA. Ni protini inayopatikana katika utumbo wa mtoto angali tumboni mwa mama, kisha ikapungua sana, na ambayo saratani ya utumbo huizalisha upya. Ilipowezekana kuipima katika damu, wengi walidhani saratani sasa itakamatwa ikiwa changa. Haikuwa hivyo. Saratani changa nyingi haziipandishi, na mvutaji sigara au mwenye ugonjwa wa ini aweza kuwa nayo juu bila saratani yoyote. Ikabaki na kazi moja kubwa, kuwalinda watu kama mimi: wamekwisha kukatwa, na wanaogopa kurudi kwa ugonjwa.

Hapa ndipo nilipokutana na sura iliyonikosesha usingizi, kisha ikanirudishia. Nchini Uingereza, kati ya 1982 na 1993, wagonjwa 1,447 waliokwisha kukatwa saratani ya utumbo walipimwa CEA mara kwa mara. Namba ilipopanda, kura iliamua. Kwa nusu ya wagonjwa hao, daktari wa upasuaji alijulishwa ili amfungue mgonjwa tena mapema. Kwa nusu nyingine hakujulishwa, akaendelea kumwangalia mgonjwa kwa dalili kama kawaida. Waliopigiwa kura walikuwa 216, yaani 108 kila upande. Mwaka 1993 utafiti ulisimamishwa, kwa kuwa haukuelekea kuonyesha faida. Matokeo yake kamili hayakuchapishwa mpaka mwaka 2014, na wakati huo yalihesabiwa hata vifo vya miaka iliyofuata. Kufikia Februari 2011, katika kundi lililojulishwa walikuwa wamefariki 91. Katika kundi lisilojulishwa, 88.

Nilizisoma namba hizo mara tatu. Kisha nikawaza juu ya ile miaka 21. Majibu ya mtihani yalikaa bila kusomwa hadharani, na muda wote huo damu ikaendelea kuchukuliwa mikononi mwa watu, kila mmoja akiamini kwamba kujua mapema ni kupona.

Lakini mwalimu wa historia hatakiwi kushika tarehe moja na kuifanya sheria. Miaka ya 1980 si leo. Picha sasa zinaonyesha doa la milimita 6, jambo ambalo zamani lisingewezekana, na upasuaji wa ini umekuwa salama zaidi. Wapo watu waliokatwa doa moja au mawili na kuishi miaka mingi. Mwaka huo huo wa 2014 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine wa Uingereza, wa wagonjwa 1,202 katika hospitali 39. Waliofuatiliwa kwa damu au kwa picha walipata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa matumaini ya kupona kiasi cha 7 katika 100, na wasiofuatiliwa hivyo 2 tu katika 100. Hata hivyo vifo kwa jumla havikutofautiana kwa namna iliyo wazi. Mwaka 2018 utafiti wa Sweden, Denmark na Uruguay, wa wagonjwa 2,509, ulilinganisha vipimo vya mara nyingi na vya mara chache. Baada ya miaka mitano walikuwa wamefariki 13 katika 100 upande mmoja, na 14 upande wa pili.

Nikaona pia kwamba watu wote hao si wa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ni nadra vijijini Afrika, akafikiri sababu ni chakula chetu kisichokobolewa. Siku hizi mambo yamebadilika. Kwenye benchi nimekaa na mkulima, na dereva wa lori, na mama muuza vitambaa aliye na umri wa binti yangu.

Je, historia imeniambia nifanye nini? La. Imenifundisha jambo dogo zaidi, nami limenitosha. Nilidhani daktari wangu anajua jibu na ananificha, au hajui kwa sababu hakusoma vya kutosha. Sasa najua kwamba alisema kweli. Vipimo vilikwenda mbio, na elimu ya nini cha kufanya na majibu yake inafuata nyuma kwa miguu. Kutokuwa na hakika si kosa lake wala si adhabu yangu.

Nilirudi kwake na kanuni yangu ya chuoni. Nikamwomba tuandike, kabla ya kupima, tutafanya nini kwa kila jibu. Alicheka, akachukua kalamu. Tutangoja miezi mitatu. Doa likikua, nitapelekwa kwa bingwa wa ini bila kuchelewa. Doa likibaki lilivyo na namba ikipanda, utumbo utatazamwa tena kwa kamera na picha ya kifua itapigwa. Vyote vikitulia, tutapumua na kuendelea na kalenda. Karatasi ile ina sahihi mbili.

Jumapili iliyofuata nilikusanya watoto nikawasomea. Kijana wangu aliuliza, kwa sauti ya chini, "Na tukingoja, halafu ikawa tumekosea, Baba?" Nilimjibu kwamba yawezekana, na ikiwa hivyo asilaumiwe mtu, wala mama yake, wala daktari, wala yeye kwa sababu ya kiwanja ambacho hakikuuzwa. Niliamua mimi, nikiwa na akili timamu. Mke wangu aliichukua karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali tunapoweka vyeti vya watoto.

Kipimo ni Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Usingizi naupata, ingawa si wote.