Meli Ina Usukani, Hoteli Ina Msingi

Januari 22, 1891, meli Augusta Victoria iling'oa nanga Cuxhaven, kaskazini mwa Ujerumani, ikiwa na abiria 241 wasio na shughuli yoyote huko walikokwenda. Hawakuwa wahamiaji, wala wafanyabiashara, wala maofisa wa serikali. Walikuwa wanakwenda kuizunguka Bahari ya Mediterania kwa takriban miezi miwili, waione Alexandria, Jaffa na Istanbul, kisha warudi kwao. Aliyeipanga safari hiyo, Albert Ballin wa kampuni ya meli ya HAPAG, alikuwa na hesabu zake. Majira ya baridi Atlantiki huchafuka na abiria wa New York hupungua, na meli kubwa iliyofungwa gatini hula fedha kila siku bila kuingiza chochote. Ballin akaamua kuwauzia watu matembezi yenyewe.

Leo familia iliyodunduliza fedha za likizo hujikuta ikilinganisha bei mbili: wiki nzima ndani ya meli inayopita bandari nne au tano, au wiki hiyo hiyo katika hoteli moja ya ufukweni. Wengi huamua kwa kutazama chakula, mabwawa ya kuogelea na punguzo la bei. Historia inatutaka tutazame jambo jingine pia: meli inaweza kuondoka, hoteli haiwezi. Tofauti hiyo ndiyo huamua mgeni ataona nini, na mwenyeji atabaki na nini.

Mwaka 1900 kampuni ya Ballin ilizindua Prinzessin Victoria Luise, meli ya kwanza iliyojengwa mahsusi kwa matembezi ya anasa. Haikubeba mizigo, na vyumba vyake vyote vilikuwa vya daraja la kwanza. Desemba 1906 ilipanda miamba karibu na Port Royal, Jamaica, ikaharibika kabisa, ingawa abiria wote waliokolewa. Wazo la Ballin halikuzama nayo, lakini kwa miaka mingi baadaye likabaki kuwa starehe ya wenye nacho.

Likizo yamfikia mfanyakazi

Kilichomfikisha mtu wa kawaida ufukweni ni sheria za kazi. Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata wiki mbili za likizo yenye malipo. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1938. Billy Butlin aliliona hilo likija. Pasaka ya 1936 alifungua kambi ya mapumziko Skegness, mashariki mwa Uingereza, ambako familia ililipa mara moja tu na kupata chumba, milo mitatu na burudani. Alitangaza kwamba mshahara wa wiki moja ungetosha kulipia likizo ya wiki moja.

Serikali ya Hitler nayo iliitumia likizo kama chombo cha siasa. Shirika lake la burudani za wafanyakazi, Kraft durch Freude, lilijenga meli na mapumziko ya ufukweni kwa pamoja. Meli ya Wilhelm Gustloff ilishushwa majini mwaka 1937. Huko Prora, kwenye kisiwa cha Rügen, yalijengwa majengo yaliyojipanga kwa kilomita nne na nusu kando ya bahari, yawalaze watu 20,000 kwa wakati mmoja. Vita vilipoanza mwaka 1939 ujenzi ulisimama, na wale watalii 20,000 hawakuwahi kulala pale. Meli nayo ilizamishwa Januari 30, 1945 ikiwa imejaa wakimbizi. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 9,000 walikufa usiku ule.

Baada ya vita, Mbelgiji Gérard Blitz alianza upya kwa mahema. Mwaka 1950 alifungua kijiji cha kwanza cha Club Méditerranée huko Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wageni walilala kwenye mahema na kula meza moja na watu wasiowajua. Baadaye hata pesa zikaondolewa machoni pao, na kinywaji cha baa kikawa kinalipiwa kwa shanga walizovaa shingoni. Bangili za plastiki tunazoziona leo mikononi mwa wageni wa hoteli za Nungwi na Diani zinafanya kazi ileile.

Ndege yageuza mambo

Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha abiria Atlantiki kwa saa chache, na meli za siku tano zikaanza kukosa watu. Queen Mary iliuzwa mwaka 1967, ikapelekwa Long Beach, California, na humo ndani ikafunguliwa hoteli. Lakini ndege iliyoiua meli ya usafiri ndiyo iliyoikuza meli ya matembezi. Desemba 1966 Knut Kloster wa Norway na Ted Arison, mzaliwa wa Palestina ya enzi za Waingereza, walianza kuitumia meli Sunward kutoka Miami kwenda Bahama. Mmarekani aliyekaa mbali na bahari sasa aliweza kupanda ndege asubuhi na jioni akawa melini. Arison alijitenga na kuanzisha Carnival mwaka 1972. Meli yake ya kwanza, Mardi Gras, ilikwama mchangani karibu na Miami katika safari yake ya kwanza, lakini kampuni ikaja kuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo.

Pwani yetu iliyaona mageuzi haya kwa macho. SS Uganda, iliyojengwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1952, ilikuwa ikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira na Durban. Iliwabeba maofisa, walowezi, wanafunzi na barua. Nchi zikapata uhuru, ndege zikachukua abiria, na mwaka 1967 Mfereji wa Suez ukafungwa. Pacha wake, SS Kenya, iliuzwa kama vyuma chakavu mwaka 1969. Uganda yenyewe iligeuzwa meli ya safari za masomo, yenye mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900. Mwaka 1982 wanafunzi waliteremshwa Naples ili iende kuwa hospitali katika vita vya Falkland.

Wakati meli hizo zikikosa abiria, watalii wa Ulaya walikuwa wanashuka Mombasa kwa ndege za kukodi, na hoteli zikajipanga Nyali, Bamburi, Diani na Malindi. Tanzania ilijenga za umma, ikiwemo Kunduchi, na papo hapo ikajiuliza kama nchi ya Azimio la Arusha iwe na biashara hiyo. Hoja zilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 1973 zilitolewa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Swali kuu la kitabu hicho lingali hai: faida ya kumhudumia mgeni inaishia mfukoni mwa nani?

Mipaka yafutika, nyua zajengwa

Tangu hapo meli na hoteli zimekuwa zikiigana. Mwaka 1977 kampuni ya Kloster ilijipatia kisiwa cha Great Stirrup Cay huko Bahama, ili abiria washuke kwenye ufukwe unaosimamiwa na kampuni yenyewe. Royal Caribbean ikafuata mwaka 1986 na Labadee, rasi ya Haiti iliyozungushiwa uzio. Huko Jamaica, Butch Stewart alifungua hoteli ya Sandals mwaka 1981, mgeni akilipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina mabwawa saba na nafasi ya abiria 7,600. Kwa mpangilio huo, mgeni anaweza kumaliza wiki nzima bila kununua hata embe kwa mwenyeji.

Hatari inapotokea, tofauti ya usukani na msingi hujitokeza wazi. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia ikielekea Mombasa. Nahodha aliwaepuka, akageuza kwenda Shelisheli, na kwa miaka kadhaa iliyofuata meli nyingi za kitalii zikaikwepa Kilindini, bandari ya Mombasa. Hoteli ya Paradise, Kikambala, iliposhambuliwa kwa bomu Novemba 2002, wengi wa waliouawa walikuwa Wakenya. Hoteli za jirani hazikuwa na pa kukimbilia. Zilibaki pale pale na wafanyakazi wao, zikisubiri wageni warudi. Upo pia upande wa pili. Februari 2020, korona ilipoingia, zaidi ya watu 700 waliambukizwa ndani ya Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, na Westerdam ikakataliwa na nchi moja baada ya nyingine mpaka Kambodia ilipoipokea.

Meli inapofunga gati Mombasa, mabasi hupanga foleni, wageni wakaenda Fort Jesus, Mji wa Kale na kwa wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, kisha wakarudi melini kula na kulala. Kwa mwenye teksi na muuza vinyago ni siku njema, na siyo ya kubezwa. Hoteli nayo ina mlango wa nyuma wa jikoni, ambako mvuvi huleta ndoo ya pweza na kamba, mpishi akaweka kwenye mizani, wakapatana bei, na kesho tena. Biashara hiyo ya kila siku ndiyo hulipa ada za shule.

Kwa hiyo, mzee asiyeweza kufungasha mizigo kila mara na anayetaka kuona miji mingi, meli itamfaa. Aulize tu itakaa bandarini saa ngapi, na kama kuna bandari inakolala. Anayetaka kuijua nchi na kupumzika achague hoteli, lakini aulize samaki na mboga zinanunuliwa kwa nani, na kama mgeni anahimizwa kutoka kwenda kijijini. Mimi nasimama na hoteli ambayo lango lake liko wazi. Hoteli kama hiyo haiwezi kustawi jirani zake wakiteseka, na mgeni anayelala humo siku saba ana nafasi ya kuwafahamu waliompokea kwa majina yao.