Etide ya jioni: kutoka internati ya wapadri, kupitia Lugufu, mpaka kwetu Baraka



Katika mkutano mkuu uliopita mama mmoja alisimama akauliza swali moja tu: "Hizi feza za betri na za kuwapa walimu wa jioni kitu kidogo, kwa nini msiziweke zote kwenye minervali ya watoto?" Watu wengi walipiga makofi. Swali lilikuwa la haki, na mimi nililijibu vibaya, juu nilikuwa nimesimama na makaratasi ya hesabu mkononi na njaa ilikuwa imeshawashika watu. Komite ikaniomba niandike jibu hapa. Nimejaribu kuliandika kwa hesabu, nikashindwa. Jibu lenyewe liko kwenye historia, na wengi wetu tumeipita hiyo historia kwa miguu yetu.

Tuanze mbali kidogo. Wakati wa Wabelgiji masomo ya primeri yalikuwa mengi, ya sekondari yalikuwa machache sana. Tulipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani wenye walikuwa wamemaliza universite hawakufika hata 30 kwa inchi nzima. Mtoto mweusi mwenye aliingia sekondari aliingia karibu kila mara kwa mlango wa misioni, na mara nyingi alilala hapo hapo, ku internati. Wazee wetu wenye walipita huko wanakumbuka kwanza kengele. Darasa lilikwisha mchana, kiisha kazi ya shamba, mpira, sala, chakula. Halafu ililia kengele ya etide. Sale moja kubwa, madawati kwa mistari, taa moja yenye kuwaka vizuri, na padri au mwangalizi anatembea katikati na viatu vyake vinalia. Hakuna somo jipya lenye lilifundishwa hapo. Unarudilia la asubui, unafanya mazoezi, ukikwama unanyosha mkono. Kila siku, isipokuwa siku ya Mungu.

Wazee wanapenda kusema elimu ya zamani ilikuwa na nguvu juu ya fimbo. Mimi sikubali. Fimbo iliwakimbiza wengi, na wengine wao walikuwa na akili kuliko wenye walibaki. Nguvu ilikuwa kwenye ile sale ya etide, kwa sababu mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani walipata taa ile ile na saa ile ile, na mtu wa kuuliza alikuwa yule yule. Nyumbani kwao hawangefanana hata kidogo.

Mwaka 1967 ikaanza Exetat, mtihani mmoja kwa inchi yote. Tangu hapo kila mtoto wa humanite anapimwa na karatasi moja, awe wa Kinshasa, awe wa Fizi: siku nne, na usipofika 50 kwa mia unarudi mwaka kesho. Ni jambo zuri kwa upande mmoja. Hakuna mwenye anaweza kusema diploma ya kwetu ni ya kijijini. Lakini karatasi haiulizi kama mtoto alikuwa na meza ya kuandikia. Wakati huo internati zilikuwa bado zinasimama, kwa hiyo ile tofauti haikuonekana sana.

Ilionekana pole pole. Mwaka 1974 Mobutu alichukua masomo yote kuwa ya Serikali. Mwaka 1977, mwezi wa pili, makanisa yakarudishiwa kwa mapatano, njo tunaita mpaka leo masomo ya "conventionné". Hayo mabadiliko mawili watu wanayasimulia sana. Mimi naona yenye yalituumiza ni ya nyuma yake. Miaka ya themanini Serikali, ikibanwa na madeni, ilipunguza walimu: mwaka 1984 wenye waliondolewa ku liste walizidi 40,000. Mishahara ya wenye walibaki ikaliwa na kupanda kwa bei. Mwaka wa masomo wa 1991-1992 ukapotea kwa migomo, ule tunaita mwaka mweupe. Kusudi madarasa yafunguliwe tena, wazazi wakakubali kumlipa mwalimu wenyewe. Ilikuwa iwe ya muda mfupi. Tunaendelea kulipa.

Sasa angalia kitu gani kilikatwa kwanza. Shule ikikosa feza haifungi darasa la hesabu, juu ya darasa hilo wazazi wanalipa. Inafunga internati, inauza taa, inamtuma nyumbani yule mwangalizi wa jioni. Etide haikuwa kwenye amri yoyote ya Serikali, kwa hiyo ilipokufa hakuna mtu alitangaza kifo chake. Pahali pake pakaingia kurse za kulipia, sana sana kwa wenye wako mwaka wa mwisho. Najua mwalimu mmoja, simtaji, mwenye aliacha nusu ya somo asubui kusudi aiuze jioni. Simlaumu peke yake, naye alikuwa na watoto sita na mshahara haukuwa unafika. Lakini mtoto wa maskini hapo alipigwa mara mbili.

Halafu ikaja vita ya 1996. Hapa sina haja ya kusimulia, kila mwenye anasoma barua hii ana yake. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma. Wengine walipelekwa Nyarugusu, wengine mwaka uliofuata Lugufu. Mimi nilikuwa wa Lugufu, na nilifika na kitabu kimoja cha fizike chenye kurasa za mwisho zilikuwa zimelowa.

Misaada ya kambini iliweka mbele primeri. Sekondari ilianzishwa na wazazi na walimu wenyewe wakimbizi, kwa programu ya Kongo na kwa Kifaransa, chini ya miti kwanza, kiisha ndani ya manyumba ya tofali za udongo. Vitabu vilikuwa vichache kiasi kwamba mwalimu alikuwa anaandika kitabu kizima ubaoni, mwaka mzima, na sisi tunanakili. Darasa lilikuwa la kunakili, basi. Kuelewa kulikuwa kunafanyika jioni.

Na jioni tulikuwa wote pamoja, juu hakuna mwenye alikuwa na kwenda. Sheria ya Tanzania haikuturuhusu kutoka zaidi ya kilomita nne. Hakuna shamba kubwa la kulima, hakuna soko la mbali, hakuna ziwa la kuvua. Vijana wa kaya nane au tisa walikutana kwenye nyumba moja, kila mmoja ameleta kidogo: huyu mafuta ya taa ya kijiko kimoja, huyu daftari lake, yule akili yake tu. Kibatari kimoja katikati. Mwenye alielewa hesabu aliwaeleza wengine, kesho yake ni wa kemia. Mwalimu wetu mmoja, mwenye zamani alikuwa amelala internati, alipotupita usiku akasimama mlangoni, akacheka, akasema: "Kumbe mmefungua etide." Mimi njo siku nililisikia hilo neno mara ya kwanza. Toka usiku huo alikuwa anakuja kila siku ya pili, anakaa kwenye debe, hafundishi, anangoja tuulize.

Sitaki mtu aseme nasifu kambi. Kulikuwa na njaa ya kukatwa posho, kulikuwa na wasichana wenye waliolewa wakiwa darasani bado, na wengi sana hawakufika mwaka wa sita. Lakini wenye tulifika, tulifika kwa sababu ya zile jioni. Kati ya vijana wa nyumba yetu ile, leo watatu wanafundisha hapa Fizi na mmoja ni infirmye.

Mwezi wa kumi 2005 meli zikaanza kuturudisha Baraka. Lugufu yenyewe ikafungwa 2009, wenye walibaki wakahamishiwa Nyarugusu. Tulirudi na furaha, nyumba zimeanguka, mashamba yana wenyewe wapya. Kila mkono ulikuwa na kazi: tofali, muhogo, motari, ndagala. Na hapo etide ikakufa mara ya pili. Tulikuwa tumeipata kwa sababu tulifungiwa. Tulipopata uhuru wetu, ikapotea. Jambo hili ni chungu, lakini ni hivyo.

Watoto wetu wenye walizaliwa kule walipata shida yao ya pekee. Kiswahili chao kilikuwa cha Kigoma, wenzao wakawacheka. Kifaransa chao kilikuwa cha ubaoni tu, na Exetat haiulizi kwa Kiswahili. Mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kumsikiliza akikosea, na darasani wako sitini. Nyumbani hakuna mwenye anaongea Kifaransa.

Halafu kuko ziwa. Mfadhili mmoja alitutembelea, usiku akasimama ufukweni akashangaa: mitumbwi yote na karabai zao, ziwa linawaka kama mji mkubwa. Nikamwambia, ile taa inaita ndagala, na kijana mwenye anaishika ni wa mwaka wa tano bio-chimie, na kwao nyumbani ni giza. Ukiangalia kitabu chetu cha mahudhurio ya jioni utaona kitu: wiki za mbalamwezi viti vinajaa, juu wavuvi hawatoki; mwezi ukiwa haupo, vijana nao hawapo. Tulikaa mwaka mzima tunawaita wavivu, mpaka mama mmoja wa soko alitueleza.

Mwaka 2019 primeri ikawa bure, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imesema tangu mwanzo. Ni jambo kubwa, na watoto wengi wenye walikuwa wanauza karanga wameingia darasani. Ila wanafika mwaka wa saba, na kulipa kunaanza tena. Hapo njo mama yetu ana haki na swali lake.

Namjibu hivi sasa, kwa utulivu. Mama, minervali ni lazima, na chama kitaendelea kuilipa kwa yatima na kwa wenye hawana kabisa. Lakini tumekuwa na watoto wenye tulilipia kila kitu, miaka sita, na risiti zao zote ziko kwenye sanduku la sekretere, na walianguka mara mbili. Wafadhili wanapenda risiti, na siwalaumu, risiti inaonekana. Jioni haina risiti. Na kuko watoto wengine wenye walifukuzwa darasani juu ya deni, wakaendelea kuja etide kila siku na daftari la kuazima. Deni lilipolipwa, walirudi wakakuta hawajaachwa nyuma. Mwaka juzi mmoja wao alimwagiwa poda kichwani mbele ya nyumba yao mpaka akawa mweupe wote, na baba yake alikuwa analia akishika redio yenye ilikuwa imezima.

Etide yetu haifanyi muujiza. Haijazi tumbo. Walimu wetu wanne wakipata kazi ya kulipa vizuri wataenda, na nitawaombea safari njema. Na kuko kosa lenye ni letu kabisa: tumeiweka saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu, na wakati wa kurudi njia ni giza. Wasichana walikuwa wengi mwanzoni. Sasa wamebaki watano, na nne kati yao wanakaa karibu na kapela. Hakuna mtu aliwafukuza. Wazazi tu waliwazuia, na mimi nina binti, ningefanya vile vile.

Kwa hiyo komite inaleta mambo matatu kwenye mkutano. Betri ya zamani haishiki tena moto zaidi ya nusu saa, tunaomba feza za betri mpya. Tunaomba wiki za giza etide ihamie saa nane ya mchana, kusudi wavuvi wapate kitu kabla ya kuingia ziwani. Na tunaomba wazazi wawili kila jioni, kwa zamu, wawasindikize wasichana mpaka mlangoni kwao. Hili la tatu halina bei. Liste ya zamu iko kwa sekretere, mpaka leo ina majina saba, na moja ni la mama yule mwenye aliuliza swali.