Pumzi ya Kuazima

Ndugu msomaji, injini ya gari nayo hupumua. Pistoni ikishuka inavuta hewa na petroli, ikipanda inavigandamiza, cheche inawasha, na hapo ndipo nguvu hupatikana. Anayetaka nguvu zaidi ana njia mbili zinazojulikana sana. Ama aongeze ukubwa wa mapafu, yaani aunde injini yenye silinda kubwa, ama aishindilie hewa kwa pampu. Pampu hiyo ndiyo supachaja. Kuhusu njia hizi, Waingereza wawili walivutana mwishoni mwa miaka ya 1920, na mvutano wao nauona una funzo hata kwetu tunaoshika kalamu.

Wa kwanza ni Walter Owen Bentley, mtengeneza magari wa London, ambaye watu walimwita W.O. tu. Huyu hakutaka kabisa kusikia habari za supachaja. Kwake yeye, kuipachika injini pampu ni kuiharibu. Ukitaka nguvu, tengeneza injini kubwa, basi. Wa pili ni Sir Henry Birkin, kwa jina la utani Tim, rubani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyegeuka dereva wa mashindano. Jamaa huyu alikuwa na haraka. Bentley ya lita 4.5 ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 110. Birkin aliona hizo hazitoshi kupambana na Mercedes za Wajerumani.

W.O. alipinga, lakini kampuni haikuwa tena mikononi mwake. Mwenye pesa alikuwa Woolf Barnato, mwenyekiti tangu 1926, mrithi wa utajiri ambao baba yake aliuchuma kwenye almasi za Kimberley, Afrika Kusini. (Walioshuka shimoni kuzichimba ni akina nani, msomaji unajua.) Barnato akakubali yatengenezwe magari 50 ya kuuza, ili aina hiyo iruhusiwe kushindana Le Mans, Ufaransa. Gharama za timu ya Birkin zikabebwa na Dorothy Paget, mwanamke tajiri mpenda farasi. Supachaja ikabuniwa na mhandisi Amherst Villiers.

Kazi haikuwa ya kupachika tu. Krenkshafti na konrodi ziliimarishwa. Pampu ikakaa mbele ya rejeta, imejitokeza kama pua, ikizungushwa na krenkshafti yenyewe. Ndani yake rota mbili zinapishana, zikisukuma hewa na petroli kwa shinikizo. Matokeo yake si mchezo: farasi 175 kwa gari la kawaida, 240 kwa gari la mashindano! Lakini hakuna cha bure, bwana. Joto likapanda, petroli ikanywewa kama maji, na kila chuma ndani ya injini kikabeba mzigo mzito zaidi.

Juni 1930, Le Mans. Birkin alimkimbiza Rudolf Caracciola wa Mercedes, akampita huku magurudumu yake mawili yakikanyaga majani kando ya barabara. Usiku Mercedes ikatoka mashindanoni. Lakini Bentley zote mbili zenye supachaja nazo zikafa injini kabla saa 24 hazijatimia. Aliyeshinda nani? Barnato huyo huyo na mwenzake Glen Kidston, ndani ya Bentley Speed Six ya lita sita na nusu, isiyo na supachaja. W.O. alikuwa na haki ya kutabasamu.

Wengine huishia hapo na kusema mzee alikuwa sahihi. Mimi nasema ngoja kwanza. Mwaka 1931 Birkin alirudi Le Mans pamoja na Earl Howe, akashinda, tena kwa Alfa Romeo yenye supachaja! Injini yake ilikuwa ya lita 2.3 tu, karibu nusu ya ile Bentley. Gari hilo likapita kilometa 3,000 kwa saa 24, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Le Mans. Siri ni nini? Vittorio Jano aliibuni injini ile tangu mwanzo ipumue kwa pampu. Pumzi haikuja baadaye kama mgeni, ilizaliwa nayo.

Sasa tazama miswada yetu. Mtu ana hadithi nzuri ya kijana wa mtaani kwao, halafu anaishindilia risasi, majasusi na helikopta kutoka sinema za nje. Ukurasa wa kwanza unanguruma. Ukifika wa thelathini, injini imekufa. Kuazima si dhambi. Dhambi ni kuazima pumzi ambayo mifupa ya hadithi haikuandaliwa kuihimili.

Na sisi waandishi tunapenda kelele. Ian Fleming alipomleta James Bond kwa mara ya kwanza, mwaka 1953, alimpa gari gani? Bentley yenye supachaja ya Villiers, ile iliyoshindwa Le Mans! Speed Six iliyoshinda hakuitaka. Simlaumu, mshindwa mwenye ngurumo ana utamu wake. Lakini mwandishi mwenzangu, kabla hujawasha hadithi yako, fungua boneti kwanza. Kagua mifupa.