Maksai badala ya farasi: historia ya wanyama wa plau nchini Uganda

Mjadala wa fidia ya mifugo iliyoporwa Teso, Lango na Acholi umeendelea kwa miaka mingi mjini Kampala, bungeni, mahakamani na katika ofisi za serikali. Kwa kawaida hesabu inayotajwa ni ya vichwa vya ng'ombe na thamani yake kwa shilingi. Ni nadra kutajwa kuwa sehemu ya ng'ombe hao hawakuwa wa maziwa wala wa nyama, bali maksai waliofundishwa kuvuta plau, na kwamba huko Teso kilimo chote kilikuwa kimejengwa juu ya migongo yao. Ili kuelewa kilichopotea, hapana budi kurudi nyuma zaidi ya karne moja, hadi kwenye swali ambalo maofisa wa kikoloni walilazimika kulijibu mapema: katika nchi hii, ni mnyama gani atakayelima?

Waingereza walikuwa na jibu lao tayari. Kwao, mwanzoni mwa karne ya 20, shamba lililimwa kwa farasi wakubwa wa kukokota, jamii ya Shire, Clydesdale na Suffolk, waliozalishwa kwa uteuzi wa vizazi vingi kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Wanyama hao hawakuweza kupandikizwa katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mbung'o, anayeeneza vimelea vya nagana kwa mifugo na malale kwa wanadamu. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekwisha kuvitambua vimelea vya nagana katika nchi ya Wazulu, alifika Entebbe mwaka 1903 wakati malale yalipokuwa yakiwamaliza watu wa Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Zaidi ya watu 200,000 walifariki dunia katika janga hilo, na gavana Hesketh Bell akaamuru wakazi waondolewe katika mwambao wa ziwa. Pahali ambapo binadamu walihamishwa kwa sababu ya nzi, haikuwa rahisi kumleta farasi.

Kizuizi cha pili ni tauni ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo warukao hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi aliyeambukizwa hushikwa na homa, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na aghalabu hufa ndani ya siku chache. Katika aina kali ya mapafu, farasi tisa katika kumi hufa. Nyumbu, yaani chotara wa farasi na punda, hustahimili kidogo. Punda hustahimili zaidi. Na punda milia hubeba virusi bila kuonyesha dalili kubwa. Chanjo ya kuaminika ilipatikana tu katika miaka ya 1930, katika maabara ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini, na kufikia wakati huo Uganda ilikuwa imekwisha kuchagua mnyama mwingine.

Jirani zao wa mashariki walikuwa na bahati kiasi. Nyanda za juu za Bonde la Ufa, zikiwamo Naivasha, Nakuru na Uasin Gishu, zilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, zilipohamishiwa upande wa nchi ambayo leo ni Kenya. Kwa hiyo eneo ambalo lingeweza kuwa nchi ya farasi ya Uganda lilikwenda kwa mpaka uliochorwa upya. Hata huko, hata hivyo, farasi alibaki kuwa mnyama wa kupandwa, wa polisi na wa mashindano. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg mwaka 1908 walipanda kutoka Nakuru hadi uwanda wa Uasin Gishu kwa magari yaliyokokotwa na safu ndefu za maksai, na ardhi iliyouzunguka mji wa Eldoret ilifunguliwa kwa plau zilizovutwa na maksai hao hao.

Nchini Uganda, kilichoharakisha uamuzi ni pamba. Mbegu zilizogawiwa machifu wa Buganda na Kristen Borup wa Kampuni ya Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900 zilienea upesi kuelekea mashariki. Buganda, penye migomba na udongo unaolimika kwa jembe la mkono, haikuhitaji mnyama. Teso ni tofauti: nchi tambarare, nyasi fupi, udongo mwepesi wenye mchanga, na watu waliokuwa wafugaji kabla hawajawa wakulima wa zao la biashara. Karibu mwaka 1910 mafunzo ya kulima kwa maksai yalianza Kumi. Kwa muda mfupi waliovutiwa walikuwa machifu na watu wenye uwezo, kwa kuwa plau ya chuma iliagizwa ng'ambo na bei yake ilikuwa kubwa. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa kati ya Jinja na Namasagali mwaka 1912, ilipokutana na meli za Ziwa Kyoga, pamba ya Teso ilipata njia ya kutoka, na fedha za pamba zikanunua plau nyingine. Kufikia miaka ya 1930 plau katika wilaya hiyo zilihesabiwa kwa maelfu. Hapakuwa na walowezi waliozileta. Wakulima wenyewe walizinunua kwa mavuno yao, jambo ambalo vitabu vya historia ya kilimo vya Afrika Mashariki havikulipa uzito unaostahili.

Mnyama mwenyewe hakuletwa kutoka mbali. Alikuwa zebu mdogo wa Afrika Mashariki, mwenye nundu, ambaye uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 350 au zaidi kidogo. Mbele ya farasi wa Shire, mwenye uzito unaokaribia tani moja, huonekana kama ndama. Lakini hula nyasi za porini bila nafaka, huvumilia joto na kupe kuliko ng'ombe wa Ulaya, na nundu yake huizuia nira isiteleze nyuma. Akizeeka huuzwa kwa nyama, ilhali farasi mzee Uganda hana mnunuzi. Fahali huhasiwa, kisha hufundishwa akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, mara nyingi akifungwa pamoja na maksai mzee anayejua kazi. Hupewa jina, huzoeshwa upande mmoja wa nira na kubaki upande huo, na husikia amri kwa sauti ya mtu anayemjua. Mtoto hutangulia mbele kuwaongoza na mtu mzima hushika mikono ya plau.

Plau ilikuwa na gharama yake ndani ya nyumba. Iliongeza ukubwa wa shamba, lakini haikupalilia. Palizi iliendelea kufanywa kwa jembe la mkono, na kwa sehemu kubwa na wanawake, ambao sasa walikabili eneo kubwa kuliko mama zao walivyolima.

Mfumo huo ulivunjika ndani ya muda mfupi. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, askari waliikimbia kambi ya Moroto na silaha zake zikaingia mikononi mwa wezi wa mifugo wa Karamoja. Uvamizi uliozoeleka wa mikuki ukawa wa bunduki. Baada ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 1986 ulinzi wa mpakani ulidhoofika, na mwaka 1987 uasi wa Uganda People's Army ukaanza Teso, ukadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia wakati huo mazizi ya Teso yalikuwa karibu matupu. Plau zilibaki zimeegemezwa ukutani, nazo familia zilirudi kwenye jembe la mkono.

Hapa ndipo fidia kwa kichwa cha ng'ombe inapotofautiana na hasara yenyewe. Mtamba aliyenunuliwa leo, hata akiwa tayari ana mimba, hubeba miezi tisa, na nusu ya ndama wake hutarajiwa kuwa majike. Zebu katika malisho ya kawaida mara nyingi hukaa zaidi ya mwaka mmoja kati ya uzazi mmoja na mwingine, na dume anahitaji miaka mitatu kabla ya kufungwa nira. Kwa hesabu nyepesi, mtamba mmoja huweza kuchukua miaka saba au minane kabla ya kumpa mwenye shamba jozi ya maksai, ikiwa hakuna ndama aliyekufa kwa ndigana kali. Ujuzi wa kuwafundisha nao huhitaji mtu aliyewahi kuufanya, na baadhi ya waliokuwa nao walizeeka katika kambi za wakimbizi wa ndani.

Malipo ya fidia yameanza kutolewa katika miaka ya karibuni, na mengi kati ya madai bado yanasubiri. Wakati huo huo, kila mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo unaposababisha karantini, minada hufungwa na anayetaka kununua maksai hana pa kwenda. Maksai mwenye vidonda kwenye kwato hawezi kuvuta hata akiwa zizini tayari. Trekta za kukodi zipo, ila huenda kwanza kwenye mashamba makubwa, na mvua za Machi hazisubiri zamu. Mwenye maksai mmoja hutafuta jirani mwenye mmoja, hufunga jozi, na hulima mashamba mawili kwa zamu, siku kadhaa kwa huyu na siku kadhaa kwa yule.