Waraka wa mahitaji ya programu: Akili mnemba haijawahi kufika Mgeta

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KABLA fundi hajaanza kujenga nyumba, mwenye nyumba humweleza idadi ya vyumba anavyotaka, upande wa mlango na fedha alizonazo. Programu ya kompyuta au ya simu nayo huanza kwa maelezo ya namna hiyo, ambayo wataalamu wa Tehama huyaita waraka wa mahitaji.

Waraka huo hueleza tatizo linalokusudiwa kutatuliwa, watumiaji ni akina nani, programu itafanya nini, haitafanya nini, na ni kwa kipimo gani itajulikana kuwa imefanikiwa.

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, waraka uliokuwa ukiandikwa kwa siku kadhaa unaweza kupatikana kwa dakika chache. Mhusika huandika agizo, na akili mnemba humrudishia kurasa zenye vichwa na majedwali yaliyopangwa vizuri.

Hatari iko hapo hapo. Waraka huonekana umekamilika hata kama aliyeuagiza hajazungumza na mtumiaji hata mmoja.

Funzo la AfyaData

Morogoro ina mfano wa programu iliyoanza kwa kuwakutanisha watu. AfyaData, inayotumika kutoa taarifa za magonjwa ya binadamu na mifugo kwa simu janja, ilitengenezwa na SACIDS, taasisi yenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Kazi hiyo ilianzia kwenye warsha ya Desemba 2014 iliyowaweka pamoja watengenezaji wa programu na wataalamu wa afya ya binadamu na ya wanyama, kabla ya AfyaData kupelekwa kwa watoa taarifa wa ngazi ya jamii.

Kwa mujibu wa ripoti ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2017, matukio 1,915 yaliripotiwa kupitia programu hiyo: 1,592 kutoka Ngorongoro na 323 kutoka Morogoro. Kati ya hayo, 1,816 yalihusu mifugo na 99 yalihusu binadamu.

Agizo bovu

Tuchukue mfano wa vijana wa mjini Morogoro wanaotaka kutengeneza programu ya kuwaunganisha wakulima wa mboga wa Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, na wanunuzi wa mjini.

Wakiandika tu, “Niandikie waraka wa mahitaji ya programu ya wakulima,” watapewa waraka wa mkulima asiye na kwao. Huenda mkulima huyo akawa na simu janja, mtandao wa saa zote na shamba lililoandikwa kwa jina la baba wa familia.

Uluguru si hivyo. Milima na mabonde huzuia mawimbi ya simu, wakulima wengi hutumia simu za kitochi, na barabara za mlimani huwa ngumu wakati wa masika. Mzigo wa kabichi ukichelewa huoza.

Aidha, Waluguru kwa jadi hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo. Programu inayomwandikisha mume kama mwenye shamba inaweza kumgeuza mke, ambaye shamba ni la ukoo wake, kuwa msaidizi tu. Malipo nayo yataingia kwenye simu isiyo yake.

Agizo zuri

Agizo zuri huandikwa baada ya safari ya kijijini. Huitaja kazi, huwataja watumiaji, hubeba yale yaliyosikika kwao na huweka mipaka. Kwa mfano:

“Nisaidie kuandaa waraka wa mahitaji ya programu ya kuuza mboga. Watumiaji ni wakulima wa Mgeta na wanunuzi wa Morogoro mjini. Hapa chini ni maelezo tuliyoyapata kwa wakulima. Tumia maelezo hayo pekee. Pale taarifa inapokosekana usibuni; andika HAIJULIKANI, kisha uandike swali tunalopaswa kwenda kuuliza. Kila hitaji lipe namba, onyesha limetokana na maelezo yapi, na eleza litakavyopimwa.”

Sentensi ya kutobuni ndiyo yenye uzito zaidi. Bila hiyo, akili mnemba huwa na tabia ya kujaza pengo kwa jambo linaloelekea kuwa kweli. Hata ikiwepo, kila hitaji bado lazima lilinganishwe na maelezo ya awali.

Agizo la pili liwe la kukosoa: “Usome waraka huu kama mkulima mwenye simu ya kitochi, na utaje kila mahali atakaposhindwa.” Hapo ndipo huweza kuibuka hoja ya kutumia menyu ya nyota na reli, kama ile ya kutuma fedha.

Vipimo navyo viwe wazi. “Programu iwe rahisi” si hitaji, kwa kuwa halipimiki. “Mkulima aweze kutangaza mzigo wake bila kusaidiwa, na tangazo lisipotee mtandao ukikatika” ni hitaji linaloweza kujaribiwa.

Majina yabaki nyumbani

Jambo jingine ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamia ukusanyaji na matumizi ya taarifa hizo, pamoja na kuzisafirisha nje ya nchi.

Kwa kuwa huduma nyingi za akili mnemba huendeshwa na kompyuta zilizo nje ya nchi, majina, namba za simu na taarifa nyingine zinazoweza kumtambulisha mkulima ziondolewe kabla ya maelezo kubandikwa kwenye agizo. “Mkulima wa kwanza” na “mkulima wa pili” yanatosha.

Hatua ya mwisho haihitaji kompyuta. Waraka uchapishwe, upandishwe Mgeta na kusomwa kwa sauti mbele ya wakulima, wanawake wakiwemo. Kosa watakalolibaini hapo litafutwa kwa kalamu. Likigundulika baada ya programu kukamilika, litafutwa kwa fedha, na huenda mkulima akawa ameshapoteza mzigo wake.