Siku Moja Katika Bandari ya Havana

Sisi tuliozaliwa Buger hatukulelewa na bahari. Nchi yetu iko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika wilaya ya Karatu, na maji makubwa ayaonayo mtoto wa huko ni yale ya Ziwa Manyara, yaliyolala mbali chini ya genge. Bahari tuliisoma darasani katika ramani, na neno kisiwa tulilijua kwa masikio miaka mingi kabla ya kulijua kwa macho.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, chombo tulichosafiria kilitia nanga Havana, mji mkuu wa Cuba, nasi wanafunzi tukapewa siku moja ya kushuka pwani. Siandiki habari za siku ile kwa kuwa nilitenda jambo la ajabu. Nilitembea, nikachoka, nikarudi chomboni kabla ya magharibi. Naandika kwa sababu tangu siku ile swali moja halijaniacha: je, mtu wa Afrika ya Mashariki akanyagapo kisiwa cha Bahari ya Karibi, ni mgeni wa kwanza kutoka kwao, au afuata nyayo za waliomtangulia? Na kama wapo waliomtangulia, walifikaje, na walirudi na nini?

Aingiaye Havana kwa bahari hupita katika mlango mwembamba, na mkono wake wa kushoto huona ngome iliyokaa juu ya mwamba, nayo huitwa Morro. Nilipoinua macho nikaitazama, moyo uliniambia kuwa nimepata kuiona mahali pengine. Nalikuwa nimeiona Mombasa. Hapo kwanza nilidhani ni mawazo ya mtu aliyekumbuka kwao tu; lakini baadaye, nilipofungua vitabu, nilitambua kuwa macho yangu hayakunidanganya. Ujenzi wa Morro ulianza mwaka 1589 kwa michoro ya Battista Antonelli. Ujenzi wa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulianza mwaka 1593 kwa michoro ya Giovanni Battista Cairati. Wote wawili walikuwa Waitaliano, na wote wawili walimtumikia mfalme mmoja, Philip wa Hispania, ambaye tangu mwaka 1580 alikuwa amevaa pia taji la Ureno. Basi mlango wa Mombasa na mlango wa Havana ilitiwa komeo na mkono mmoja, katika muda wa miaka minne.

Ureno ilijipatia mfalme wake tena mwaka 1640. Ngome ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Omani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Ile ya Havana ilibaki kwa Hispania hadi vita vya mwaka 1898, ukiondoa miezi michache ya miaka ya 1762 na 1763, ilipokuwa imetekwa na Waingereza. Ndugu hawa wawili wa mawe walitengana, kila mmoja akafuata bahati yake.

Mjini nilikuwa kama bubu, maana Kihispania sikukijua. Hata hivyo maneno machache yaliniingia sikioni bila ya kubisha hodi. Mwenye mkahawa aliponionyesha mahali pa kukaa alisema *mesa*, nami nikaketi mezani. Mtoto alipoelekeza kidole juu ya paa alisema *bandera*, nami nikaiona bendera. Kiswahili kiliyapata maneno haya kwa Wareno, na Kireno na Kihispania ni lugha ndugu. Nilifurahi kama mtu aliyekuta jamaa katika mji wa ugenini. Lakini furaha hiyo haikudumu, kwa kuwa nilikumbuka neno lingine la asili hiyo hiyo. Wataalamu wa lugha hutueleza kuwa neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Jinsi nyumba ya kusali ilivyokuja kuipa jina nyumba ya kufungia watu, hilo ni jambo ambalo msomaji na alitie akilini, kwani tutalirudia.

Ndani ya ngome ya Morro nilimkuta mlinzi mmoja mzee. Aliniuliza kwa ishara nimetoka wapi, nikamjibu Afrika ya Mashariki. Uso wake ulichangamka, akatamka *Mozambique*, kisha akapiga ngoma kwa vidole vyake juu ya ubao. Nilidhani mzee amekosea jiografia. Kumbe alikuwa ananikaribisha kwa mdundo wa ngoma iliyopata sifa kubwa Cuba mwaka 1963, iliyotungwa na Pello el Afrokán na kupewa jina la Msumbiji. Tena, katika habari za utumwa wa kisiwa kile, miongoni mwa majina ya mataifa ya watumwa limo jina *macuá*, nao ndio Wamakua, ambao hata leo wanaishi Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Mzee hakukosea sana. Mimi ndimi niliyekuwa sijui njia iliyotoka kwetu ikafika kwake.

Njia hiyo moja ya milango yake ilikuwa Kilwa. Mnamo mwezi wa Septemba 1776, Sultani Hasan wa Kilwa alifanya mapatano na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice. Sultani aliahidi kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka, kwa bei ya piasta ishirini kwa kila mmoja, na Morice aliahidi kumpa Sultani zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Wengi wa watumwa walionunuliwa na Wafaransa walipelekwa katika visiwa vya karibu, yaani Mauritius na Réunion, kulima miwa na mazao mengine. Lakini katika miaka ya 1780 merikebu za Kifaransa zilizobeba watu wa pwani yetu ya kusini na ya Msumbiji zilikuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwafikisha hata Saint-Domingue, koloni lao la sukari katika Bahari ya Karibi.

Mwezi wa Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliasi. Walipigana miaka kumi na miwili na zaidi, na tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ikawa dola huru kwa jina la Haiti. Jambo hilo ni fahari ya watu wote weusi. Hata hivyo historia haina huruma ya kusimama pale tunapofurahi. Sukari iliyokoma Haiti ilitafutiwa shamba jingine, na shamba hilo likawa Cuba. Hispania iliahidi kwa mkataba wa mwaka 1817 kuacha biashara ya watumwa, lakini merikebu za magendo ziliendelea kuingia Cuba hadi miaka ya 1860, na utumwa wenyewe haukufutwa kisiwani humo hadi mwaka 1886. Katika karne zote hizo waliofikishwa Cuba kutoka Afrika walizidi laki saba. Walio wengi walitoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Lakini wamo waliotoka upande wetu wa bara.

Sasa, mwanafunzi wa Buger ana neno gani katika haya? Zamani nilidhani hana. Nilijiambia kuwa historia ya pwani ni ya watu wa pwani, nasi wa milimani tuna yetu. Ngome ya Havana ilinisahihisha. Mapatano ya Kilwa yalitiwa saini kisiwani, lakini watu waliouzwa hawakuwa wa kisiwani. Walio wengi waliteremshwa kutoka bara, kwa misafara iliyotoka nchi za kuelekea Ziwa Nyasa. Wao nao walikuwa watu wa milima na mabonde ambao bahari hawakuijua hata walipopandishwa merikebuni. Na saini ile haikuwa ya Mfaransa peke yake. Anayesoma ng'ambo huzoea kuhesabu dhambi za wenyeji wake, na dhambi hizo ni kweli. Lakini hesabu isiyotaja zile piasta mbili za Sultani ni pungufu.

Hao ndio waliofika kwa minyororo. Wako pia waliofika kwa hiari, nao walikuwa vijana wenye vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha Hizbu cha Unguja, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, kilipeleka vijana masomoni Misri, Uchina na nchi nyingine, na baadhi yao walifika Cuba. Chama kilifungua hata ofisi Havana. Naibu wa mkuu wa ofisi hiyo alikuwa kijana wa Pemba aliyezaliwa mwaka 1942, ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini alipopewa kazi hiyo mwaka 1961. Jina lake ni Salim Ahmed Salim.

Vijana hao waliikuta Cuba katika mwaka wa msisimko. Aprili 1961 mashambulizi ya Ghuba ya Nguruwe yalishindwa. Mwaka huo huo vijana wa shule walisambazwa mashambani kufundisha wakulima kusoma na kuandika, na watu wapatao laki saba walifundishwa kabla mwaka haujakwisha. Nani kati yetu, akitoka katika nchi iliyotawaliwa, asingaliingiwa na hamu ya kuyafanya hayo kwao? Baadhi yao walipata mafunzo ya kijeshi, wakafuga ndevu, wakavaa kofia na mavazi ya wapiganaji wa Fidel Castro, na waliporudi walikuwa wameshika neno moja la Kihispania, *venceremos*, yaani tutashinda.

Mwaka 1963 Babu alijitoa katika Hizbu akaunda chama cha Umma, na wengi wa vijana hao walimfuata. Yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, walionekana barabarani kwa mavazi yale na kusikika kwa neno lile. Mgeni ni kuku mweupe. Lakini hapa wenyeji ndio waliodhaniwa kuwa wageni. Habari zilienea katika magazeti ya nchi za Magharibi kwamba askari wa Cuba wameshuka Unguja. Askari hao hawakuwapo. Waliokuwapo ni watoto wa Unguja na Pemba waliovaa nguo za kisiwa kingine, na uvumi huo ulizidisha hofu ya mataifa makubwa juu ya visiwa vyetu katika siku ambazo utulivu ulihitajiwa mno.

Mwisho wa vijana hao haukuwa mmoja. Baada ya Rais Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, wafuasi wengi wa Umma walifungwa, na Babu mwenyewe alikaa kizuizini hadi mwaka 1978. Salim alikwenda njia nyingine. Alikuwa balozi nchini Misri mwaka 1964, akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1970, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia balozi wetu kwa Cuba. Alikirudia kisiwa kile akiwa na dola nyuma yake, si chama. Baadaye aliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kutoka mwaka 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala hujui ila yake. Siku ile ya Havana nilipita chini ya kuta ndefu za ngome ya pili, iitwayo La Cabaña, iliyo jirani na Morro. Nilizisifu kwa urefu na uimara wake, nikaendelea na safari yangu. Sikujua kwamba ngome hiyo ilikuwa gereza, wala kwamba mwaka 1959 watu walihukumiwa na kupigwa risasi ndani yake, wakati mkuu wake alikuwa Che Guevara, yule yule aliyepita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kongo. Cuba iliyowapa wakulima ubao na chaki ndiyo iliyowatia kifungoni wapinzani wake. Mgeni wa siku moja huonyeshwa ubao. Gereza hulipita akidhani ni jengo la kale. Wala tusiwacheke Wacuba. Ngome ya Yesu ilikuwa jela ya Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, na waliofungwa Unguja mwaka 1972 hawakufungwa na wageni.

Kwa hiyo siwalaumu wale vijana kwa kwenda, wala kwa kupenda walichokiona. Lililowapata laweza kumpata mwanafunzi yeyote apataye kushuka pwani ya watu: alichukua kilicho chepesi kubeba, yaani vazi na neno, kabla ya kupata nafasi ya kuuliza nyumba ile ilijengwa na nani, kwa jasho la nani, na nani amelala ndani yake usiku wa leo. Maswali hayo hayajibiki kwa siku moja. Mimi nimeyatafutia majibu vitabuni kwa miaka, na kila jibu limenirudisha huku huku kwetu.

Watoto wa Buger huniuliza, nikiwatembelea, Havana kuna nini. Zamani niliwaelezea mnara wa taa, magari ya kale na bahari inayopiga ukutani. Siku hizi nachora kwanza pwani yetu, natia alama Kilwa, kisha nauzungusha mstari chini ya Afrika yote, taratibu, hadi ufike. Mtoto mmoja aliniuliza waliokwenda kwa njia ile walirudi lini. Nilimjibu kuwa hawakurudi, na kwamba ndiyo sababu anayepata bahati ya kwenda na kurudi hana budi kusimulia yote aliyoyaona, na pia yale aliyoyapita bila ya kuyaona.