Dibaji ya Utenzi na Maandalizi ya Mtunzi

Katika uchambuzi wa tenzi za kale, dibaji hupitiwa upesi. Bismillahi, hamdu na kumsalia Mtume huhesabiwa kuwa ada ya dini, na mwito wa kuletewa wino na karatasi huhesabiwa kuwa pambo. Ateuaye beti za kusomesha huvutwa kuziacha, ili mwanafunzi afikie haraka kile kiitwacho kiini. Lakini dibaji zenyewe zikisomwa kwa utulivu, zadhihirisha kazi nyingine: ndimo mtunzi alimotayarisha mwili na moyo wake kabla ya kutunga.

Ushahidi ulio wazi ni utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858. Mama huyu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, anaeleza kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima. Hata hivyo haanzi na mawaidha. Kwanza anamwita bintiye asogee; kisha anamtaka aketi, awe na wino na karatasi, kwani moyoni mna jambo la kuambiwa; ndipo anapomwagiza alitaje jina la Mungu na kumsalia Mtume. Taratibu hii ina mpango: mwili hutulia, mkono hupata chombo, ulimi hufunguliwa, na mwishowe moyo huelekezwa. Kwa mgonjwa aliyekuwa akiusia, utulivu huo haukuwa pambo.

Vifaa navyo vilidai subira. Kalamu ya mwanzi huchongwa, ncha yake ikakatwa mshazari. Wino wa masizi na gundi hukorogwa hata ulainike. Mkono ulioshughulika hivyo ulikuwa umekwisha kuacha shughuli nyingine za siku.

Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, maandalizi yanaelekea zaidi upande wa fikira. Baada ya Bismillahi, hamdu na sala, mtunzi anatangaza nia yake, anaufananisha utungo na kidani cha lulu, na kuupa jina. Baada ya hapo ndipo anapougeukia moyo wake na kuuhoji juu ya ghururi za dunia. Magofu ya Pate hayaonyeshwi mpaka moyo huo umekwisha kuamshwa.

Huenda ikapingwa kwamba maneno yanayorudiwa na kila mtunzi hayawezi kufichua hali ya nafsi yake. Hoja hiyo ina uzito, ila yasahau jinsi utenzi ufanyavyo kazi. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hupatana kina, na cha nne hubeba kina cha bahari kitakachodumu hata tamati. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, wake Mwengo bin Athumani, unakiendesha kina hicho kwa beti zaidi ya elfu moja. Mtunzi wa safari ndefu hivyo alihitaji pa kuanzia palipozoeleka. Kwa kuwa maneno ya dibaji yalikuwa tayari kinywani, sikio lilipata nafasi ya kushika mizani na kina kabla ya kisa kudai maneno mapya.

Kwa hiyo dibaji inapoondolewa katika kitabu cha kufundishia, kinachopotea si sifa za dini peke yake. Mwanafunzi hubaki na mawaidha ya Mwana Kupona, lakini hamwoni tena mama mgonjwa akimkalisha bintiye, wala hajifunzi kwamba wahenga hao waliuhesabu utulivu kuwa sehemu ya utunzi wenyewe.